Ngazi za Jukwaa la Bendi

Jumamosi. Alfajiri kulinyesha manyunyu, na mpaka sasa mji mzima unanukia udongo. Nimeamka na kiburi.

Shule zinafunguliwa Jumatatu. Mwalimu mkuu ameniambia, kwa upole, kwamba darasa langu liko ghorofani, na kama ngazi bado zinanishinda atanipa kazi ya maktaba. Maktaba yenyewe ni kabati. Tangu kiharusi kinipige upande wa kushoto kila mtu anasema nami kwa upole, na upole umenichosha.

Basi nikaenda bustani ya zamani, ile inayotazama bandari. Nyumbani kwetu hakuna ngazi, na pale zipo za mawe, za kupandia jukwaa la bendi.

Bustani imezeeka vibaya. Wajerumani waliipanga, Waingereza wakaikalia, sisi tumeirithi pamoja na saa ya mnarani isiyokubaliana na saa ya mtu yeyote. Jiwe la kumbukumbu limefutika maandishi, mbuzi hujikunia hapo. Chemchemi ni kavu, watoto wanachezea ndani. Miti ya mikungu tu ndiyo haina habari kwamba serikali zimebadilika, inaangusha majani yake mekundu kama kawaida.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa yaya kwa Wazungu. Aliruhusiwa kuingia humu akisukuma kigari cha mtoto wao tu. Siku asiyokuwa na mtoto, bendi aliisikilizia nje ya ua. Uhuru ulipokuja alipanda lile jukwaa, akakaa juu, akatafuna karanga zake mpaka zikaisha. Ukaidi wangu nimeutoa kwake.

Shida ya kufanya mazoezi Tanga ni adabu zetu. Kabla sijaufikia mnara nilishapewa pole na kila apitaye, nikashikwa mkono, na Bakari muuza kahawa akaniletea kigoda.

"Keti, mwalimu wangu. Wajitaabishiani?"

Kukataa kiti ni ufidhuli. Nikakaa, nikanywa kikombe, nikashukuru, nikainuka. Hatua chache tu, kigoda kikanifuata. Tukaizunguka bustani nzima hivyo.

Kwenye ngazi nikamwambia, "Bakari, nakuomba kwa Mungu, usinishike."

Akaweka birika chini, akafunga mikono nyuma.

Nilipanda. Mguu mzima mbele, mbovu ukifuata, mkongojo ukigonga jiwe. Jasho lilinitoka mpaka ushungi ukalowa. Nilipofika juu, watu waliokaa kwenye mabenchi walipiga makofi, nami nikalia mbele yao bila haya.

Kisha nikageuka.

Yailahi! Hili la kushuka sikulifikiria hata kidogo. Kutoka juu ngazi zile zilikuwa kisima. Mguu ukagoma, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa hospitali. Bakari mikono ilikuwa inamwasha, namwona, lakini nilishamwapisha na hakuthubutu.

Nikakaa kitako na baibui langu, mwalimu mzima, nikashuka kwa makalio, ngazi moja moja, kama mtoto anayetambaa. Wale wa mabenchi walijizuia kucheka, ikawashinda. Nikacheka nao.

Sitaki kabati. Jumatatu nitapanda mpaka darasani kwangu, na kesho asubuhi narudi bustanini kujifunza kushuka.

Na nisipoweza, baibui hufuliwa.