Nafasi ya Besi

New York, 4 Machi 1961

Kaka Alton,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Mimi mzima, ila kikohozi cha baridi hakijaniacha. Natumaini wewe, Wifi Vernita na Mama hamjambo, na goti la Mama limepungua maumivu.

Kaka, nimepata kazi na sijui kama nitakaa nayo. Hii ni wiki ya tano niko kwenye bendi ya Roscoe Hairston, yule mpiga saksafoni niliyekusimulia. Tuko wanne. Ni muziki mwingine kabisa. Siku ya kwanza alinipa karatasi, nikaigeuza nione upande wa pili, nikidhani kuna maandishi yamebaki. Ilikuwa na ngazi mbili tu za sauti: moja tunakaa nayo muda mrefu, kisha tunapanda nusu hatua, kisha tunarudi. Basi. Nikamuuliza, "Wimbo wenyewe uko wapi?" Akasema, "Wimbo tutaambiana hapa hapa."

Unanijua. Nimezoea nyimbo ambazo sauti za chini zinabadilika kila baada ya mapigo mawili, nakimbia nazo kwenye piano kama mtu anayepita vyumba vya nyumba yake. Huku ni uwanja mtupu. Nikiogopa, najaza sauti kila penye nafasi. Juzi Roscoe alisimamisha mazoezi akaniambia, "Dada, unajibu swali ambalo sijauliza." Mose Lattimore, mpiga dramu wetu, hajanisemesha neno tangu nije. Ananitazama tu, kama anayengoja nimalize kufua.

Sasa mpiga besi wetu anahamia Paris, na tarehe 20 Aprili tunarekodi. Nimemwambia Roscoe habari zako. Njoo, Kaka. Kiwanda hakitakimbia.

Mdogo wako,
Corinne


Detroit, 11 Machi 1961

Mdogo wangu Corinne,

Barua imefika. Sote wazima. Goti la Mama bado, ila mdomo wake mzima kabisa.

Kuja siwezi. Kiwandani wamebana, na besi sijaishika tangu Krismasi. Tafuteni mtu wa huko huko, wamejaa.

Kuhusu hilo la kujaza. Unamkumbuka Bibi Beasley akisimama kutoa ushuhuda kanisani? Tulijua atasema kwa muda gani? Baba kwenye ogani alituweka kwenye sauti moja, wewe na piano, mimi na besi, tukawa tunasubiri pumzi yake. Akivuta pumzi, unaweka kidogo. Akipandisha, unapanda naye. Ungejaza, angekutazama mpaka uone haya. Ni kitu kilekile. Toa mkono wa kushoto kwenye piano, uukalie ikibidi. Na huyo Mose anakusemesha tangu siku ya kwanza, ila kwa toazi. Msikilize.

Kaka yako,
Alton


New York, 19 Machi 1961

Kaka Alton,

Hamjambo huko? Mimi kikohozi kimekwisha, usingizi ndio sina.

Mkono niliukalia kweli. Roscoe akapiga maneno machache, akanyamaza, nami nikanyamaza. Ukimya ule ulinichoma, nilihisi watu wote wamejua kwamba sina la kusema. Kisha Mose akagusa toazi mara mbili, nikaweka sauti mbili tu juu yake, na Roscoe akaingia hapo kama mtu aliyefunguliwa mlango. Tulikwenda dakika kumi na moja. Tulipomaliza Mose akasema, "Kumbe yumo." Neno lake la kwanza, na hata hakuniambia mimi, alimwambia Roscoe.

Lakini huyu mpiga besi tuliyemwazima anajaza kuliko mimi. Roscoe akipumua tu, jamaa anamwaga kila alichojifunza tangu utoto. Mazoezi yakiisha natembea mitaa kumi kabla sijaweza kuingia nyumbani.

Kwa hiyo nimefanya jambo bila ruhusa yako. Tiketi ya basi imo kwenye bahasha hii, ya kukufikisha hapa Alhamisi tarehe 30. Besi utaazima. Roscoe anataka kukusikia mapema. Tutakungoja stendi.

Mdogo wako,
Corinne


New York, 2 Aprili 1961

Kaka Alton,

Heri ya Pasaka kwako na kwa Mama. Natumaini mnaendelea vizuri. Mimi siendelei vizuri.

Basi lilifika saa tisa alasiri. Roscoe akawa ananiuliza kwa kila mwanamume anayeshuka, "Ndiye?" Si yeye. "Ndiye?" Si yeye. Nikaendelea kutazama mlango mpaka dereva akaufunga. Hukuandika, hukupiga simu. Nilipopiga mimi, Wifi Vernita akasema umelala. Saa kumi na mbili jioni, mtu mzima amelala.

Acha niseme. Baba alikufa akisema Alton ana kipaji na Corinne ana bidii. Ulikuwemo chumbani. Miaka minane natembea na maneno hayo, na mwenye kipaji amejificha nyuma ya mashine ya mabati. Kama ni woga, sema ni woga, nijue.

Corinne


Detroit, 6 Aprili 1961

Mdogo wangu,

Salamu utanisamehe leo, sijui nianzie wapi.

Lile basi nilipanda. Nilivaa suti. Tulipofika Toledo mama mmoja akapanda, akakaa kulia kwangu na kunisemesha, nami sikujua mpaka aliponigonga bega, ameshakasirika. Nikashuka. Nilikaa stendi ya Toledo kwa saa nne nzima, nikarudi nyumbani.

Sikio langu la kulia limekufa, Corinne. Ni tangu Desemba, ile mashine ya kugandamiza mabati. Daktari anasema halirudi. Sauti ikija sijui imetoka wapi. Nyimbo za zamani ningeweza kuwadanganya, kwa kuwa njia naijua. Huo muziki wenu hauna njia, una watu tu. Nisimame katikati yenu nisijue nani ameuliza nini?

Vernita peke yake ndiye anayejua. Usimwambie mtu.

Kaka yako,
Alton


New York, 9 Aprili 1961

Kaka yangu,

U hali gani? Nisamehe kwa ile barua. Nisamehe na kwa hili: nimewaambia.

Roscoe akawa anapangusa saksafoni iliyokwisha kutakata. Mose ndiye aliyeuliza, "Sikio lipi?"

Nikasema la kulia. Akainuka, akaanza kusogeza dramu.

"Mose, unakwenda wapi?" Roscoe akamuuliza.

"Kushoto kwake."

Tukaisukuma piano sote watatu, tukakwangua sakafu ya watu. Sasa mimi na Mose tuko upande mmoja, na Roscoe anasimama mbele, umwone anapovuta pumzi. Nilimuuliza Mose kama anafanya hivi kwa kukuonea huruma. Akasema, "Huyu tuliye naye ana masikio mawili na hatumii hata moja."

Usinijibu kwa barua.

Mdogo wako,
Corinne


Detroit, 1 Mei 1961

Mdogo wangu Corinne,

Salamu kutoka kwetu sote. Nilifika salama kutoka huko kwenu, ila shingo inauma kwa kulala kwenye basi.

Tulipoagana nilishindwa kusema kwa mdomo. Ule wimbo mrefu, mara ya tatu tuliporekodi, nilikupoteza. Roscoe alipanda juu, Mose akamfuata kwa nguvu, na ndani ya kelele ile piano ikatoweka. Sikujua kama tumeshapanda nusu hatua au bado. Nikashika sauti moja, ile ya chini kabisa, nikawa naipiga tu, nikakutazama. Mikono yako ilikuwa mapajani. Kumbe ulikuwa umenyamaza ukinisubiri. Ukainua kidevu, tukapanda pamoja, na yale aliyopiga Roscoe baada ya hapo hata sasa nikiyakumbuka siwezi kukaa kitini.

Lakini ile safari ya bendi ya kiangazi aliyonialika Roscoe, mwambie hapana. Nyimbo mbili ziliniumiza kichwa siku tatu, na sikio lililobaki nataka lidumu. Mchukueni yule mpiga besi wa Philadelphia aliyekuja kututazama. Nilizungumza naye. Anajua kungoja.

Maneno ya Baba niliyasikia, ndiyo. Nilijua si kweli, nikanyamaza kwa sababu yalinipendeza. Kwa hilo una haki ya kuniita mwoga.

Nimemwomba nyapara anitoe kwenye mashine, amenipeleka bohari. Pako kimya mno, natembea huku na huku kama mtu aliyepoteza funguo. Nikirudi nyumbani nashika besi kabla ya kula.

Mama nilimwambia Jumamosi. Nilijiandaa kwa kilio. Akasema, "Tangu Krismasi unageuza kichwa mezani kama kuku anayetafuta mahindi, ukadhani mimi mjinga?" Akaendelea kuchambua mboga. Jana kanisani aliinuka mahali pake alipokaa miaka ishirini, akapita mbele ya watu wote, akaja kuketi kushoto kwangu. Aliimba kwa nguvu, na vibaya, moja kwa moja ndani ya sikio zima. Nilimwacha aimbe.

Kaka yako,
Alton