Kadi Ulizoziandika "Mbovu"

Mpendwa Baba,

Beseni la bluu bado lipo. Mama hunifulia sare ya shule ndani yake, na kila nikiliona nageuza uso. Leo nataka kukueleza kwa nini, ingawa nadhani ulijua kabla yangu.

Unazikumbuka Jumamosi zetu katika chumba cha mbele, pale mtaani kwetu Kibuli? Ulipenda kunisimulia kwamba baada ya vita ulikuwa tarishi tu. Ofisi yenu ikaletewa kompyuta, watu wote wakaiogopa, ukatumwa wewe kuifuta vumbi. Ukaifuta mpaka ukaijua. Nilipozaliwa, ulikuwa tayari yule fundi anayeletewa diski za zamani, zile pana zinazopindika mkononi, ambazo kompyuta mpya hazizitaki.

"Hizi mpya zina macho," ulisema, "ila hazikusoma shule ile."

Siri ilikuwa kwenye kadi, kile kibao cha kijani kinachokaa ndani ya mashine na kuiongoza diski. Ilibidi iwe kadi ya kale, na hata za kale si zote zilizofaa. Ulizinunua kwa wauza vyuma chakavu, tukazijaribu moja moja. Wewe ulichomeka, mimi nikaandika katika daftari: "Kadi ya tatu: inasoma mpya, za kale haisomi." Ilipofika ya saba, iliyoungua pembeni, ulisimama ukapiga makofi.

"Banange! Hii inasoma zote! Andika kwa herufi kubwa, mwanangu."

Nikaandika kwa herufi kubwa.

Ulinifundisha pia kwamba hatufungui diski ya mtu tukaanza kuchungulia. Tunaichukua picha nzima, yaani nakala ya kila mstari, hata palipo patupu, kisha mwenyewe ndiye anayesoma. Mashine ilipokwama mahali, niliigongagonga kwa kidole, ukanishika mkono. "Usiikemee. Mzee huyu anakumbuka taratibu."

Kisha akaja Mama Furaha, yule Mkongo anayeuza vitenge Kabalagala. Alitoa diski moja ndani ya Biblia yake. Alikimbia nayo kutoka Uvira. Ndani yake mlikuwa na nyimbo alizotunga marehemu mume wake, aliyekuwa kiongozi wa kwaya.

"Sauti ninayo bado," alikuambia. "Maneno ndiyo imenipotea."

"Niachie, mama," ukamjibu. "Hii ni amana."

Wiki ile ile ukalazwa hospitali.

Mama alikuwa nawe huko, nami nilibaki nyumbani. Nilitaka urudi ukute chumba safi. Nilifanya kama tulivyofundishwa shuleni, kusoma kwanza ndipo utende, na chini ya meza kulikuwa na boksi lililoandikwa kwa mwandiko wako: MBOVU. Sikulifungua hata kuchungulia. Bwana mmoja wa vyuma chakavu alipita na mabeseni kichwani, nikampa boksi, naye akanipa beseni la bluu. Nilijiona mtoto mwenye akili sana.

Uliporudi ulisimama mlangoni, umeshika ukuta.

"Boksi la chini ya meza?"

"Nimelitoa, Baba. Lilikuwa la mbovu. Tazama, tumepata beseni!"

Ulilitazama beseni kwa muda mrefu.

"Zuri," ukasema. "Umefanya kazi kubwa, mwanangu."

Jioni ile nililitumia kukuosha miguu, maana ilikuwa imevimba. Uliniwekea mkono kichwani.

Baada ya hapo ukaanza kutembea. Ulituambia daktari anataka uufanyishe mwili mazoezi. Uliondoka asubuhi na mfuko wako begani, ukarudi mchana kutoka soko la Owino na vumbi mpaka magotini, mfuko mtupu. Nilikukasirikia. Nilikuambia kwamba Owino ni mbali kwa mgonjwa.

"Miguu inataka kuzoezwa," ukanijibu, ukacheka kidogo.

Siku ya mwisho ulirudi umechangamka. Ulitundika mfuko nyuma ya mlango, ukaomba chai ya tangawizi. "Jumamosi tuna kazi," uliniambia. "Litafute daftari."

Jumamosi hiyo ndiyo tuliyokuzika.

Kabla hawajainua jeneza, imamu alisimama uani akauliza kama kuna anayekudai chochote, ajitokeze. Upande wa wanaume hakujitokeza mtu. Kwetu wanawake, kwenye mikeka, Mama Furaha akasimama.

"Miye simudai franga," alisema. "Diski yangu ndiyo iko kwake."

Wanawake wakaguna. Mmoja akamwambia, "Hata leo, nnyabo?" Akaketi, akajifunika uso kwa kitenge chake. Sikumkasirikia, Baba. Umeondoka na amana ya mtu haijarudi, na aliyebaki anayejua kazi yako ni mimi. Nilisema moyoni kwamba nitairudisha.

Baada ya arobaini niliketi kwenye mashine yako. Nilizijaribu kadi zote zilizokuwa rafuni. Hakuna iliyoisoma diski ya Mama Furaha. Nilifungua daftari nikaitafuta ile ya saba, iliyoungua pembeni. Haikuwepo. Nilidhani umemwazima mtu.

Ndipo akaja Shangazi Zainabu kutusaidia kupanga nguo zako. Akachukua flaski yako ya chai, ile uliyoibandika karatasi ya "Mbovu".

"Hiyo haifai, Shangazi. Ni mbovu."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mbovu gani? Wewe humjui baba yako? Tangu utoto, akitaka kitu kisiazimwe anakiandika mbovu! Baiskeli yake mpya aliiandika hivyo hivyo, nusura mama yetu aiuze kama chuma chakavu!"

Mimi sikucheka. Beseni lilikuwa limeegemezwa ukutani mbele yangu.

Nilielewa yote kwa pamoja. Kadi ya saba ilikuwa ndani ya boksi lile. Nawe hukuwa unazoeza miguu. Ulikuwa unatafuta nilichokitoa mimi, kwa miguu ile niliyoiosha katika beseni nililopewa badala yake. Hukuniambia hata neno. Ungenigombeza, Baba. Ungenigombeza mara moja tu, tukaenda kutafuta wote wawili, mimi nikabeba mfuko.

Mfuko! Ulikuwa bado nyuma ya mlango. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuugusa. Ndani yake nilikuta kitu kimefungwa kwa gazeti, na juu ya gazeti mwandiko wako, herufi zimeanza kuyumba: MBOVU.

Nililia sakafuni mpaka Shangazi akaacha kucheka akaja kunikumbatia, bila kujua kisa.

Ndani ya gazeti mlikuwa na kadi nyingine, si ile ya saba, maana pembeni haikuungua. Jumamosi iliyofuata niliisafisha meno yake kwa raba yangu ya shule, nikaichomeka, nikamwita Mama Furaha. Mashine ikaanza kukoroma. Ikasoma, ikasoma, ikakwama. Mama Furaha akanishika mkono kwa nguvu.

"Imekufa?"

"Hapana, mama. Tusiikemee. Inakumbuka taratibu."

Ilijaribu mara ya pili. Ya tatu ikapita. Mahali pamoja palikataa kabisa, nami sikumficha. Picha ilipokamilika, nilimfungulia nyimbo zake, nikamgeuzia kioo cha kompyuta na kutazama pembeni, kama ulivyonifundisha. Hakusoma. Aliimba, polepole, na alipofika mahali palipopotea akavumisha sauti bila maneno, kisha akaendelea. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina povu la sabuni.

Mimi niligeukia kiti chako nikuambie kwamba inasoma zote. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Mama Furaha ameondoka na amana yake, Baba. Kabla ya kutoka alisimama mbele ya kiti chako akasema, "Tumemalizana, fundi." Nimeandika katika daftari, chini ya zile kumi na moja za kwanza, kwa herufi kubwa: KADI YA KUMI NA MBILI INASOMA ZOTE. Kuna wengine wawili wameshauliza kama bado tunapokea diski. Nimewaambia waje Jumamosi.

Kadi nimeifunga tena katika gazeti lako, na neno lako juu yake sikulifuta. Hakuna atakayeiazima.

Huna tena pa kwenda kutafuta, Baba. Pumzisha miguu.

Binti yako,
mwandishi wa daftari