Somo Langu la Falsafa na Neno Lako la Simu

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za ugenini? Baridi imepungua, au bado unalala na soksi? Na kile kifua chako? Huku tu wazima wa mwili. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi haujambo: jana alimtimua fundi bomba kwa kuchafua sakafu, kisha akamwita tena maana bomba lilikuwa bado linavuja.

Nimekawia kukuandikia. Nilikuwa nangoja hasira ipoe. Haijapoa, nami nimechoka kungoja.

Somo langu limefutwa. Historia ya falsafa, lile tulilolipanga pamoja tukiwa tumekaa sakafuni humu humu, tukibishana tuanze na Wamisri au Wahindi. Unalijua lilivyokwenda: Wahindi wa kale wakizozana kama nafsi ipo, Wachina wakiuliza mtawala mwema ni yupi, Wagiriki, kisha wasomi wa Baghdad waliotafsiri vitabu vya Wagiriki kwa Kiarabu na kuvijibu, hata Ulaya ikavisoma kupitia kwao. Wanafunzi walikuwa wakikaa mpaka madirishani.

Mkuu mpya wa idara ndiye yule tuliyemwita Bwana Ufupisho, maana hajawahi kumaliza kitabu. Aliitisha kikao akasema falsafa ni ya Wagiriki na warithi wao. Mengine ni busara za wazee, yapelekwe idara ya utamaduni.

Nikamwambia, "Warithi wenyewe wa mwanzo walisoma kwa Kiarabu. Hao nao utawapeleka utamaduni?"

Akatabasamu. Nikawageukia wenzangu. Mwalimu wa mantiki, ambaye nimekula naye sahani moja miaka yote, akaanza kufuta miwani, na miwani ilikuwa safi.

Hapo Ufupisho akasema, "Dada, usione tunakuonea. Tulimpigia simu mdogo wako, profesa wa huko. Naye amesema vivyo hivyo."

Nilidhani ni utani. Nikacheka. Nilicheka peke yangu, kikao kizima kikinitazama.

Kama ungekuwa unaamini hivyo, ningevumilia. Mtu na mawazo yake. Lakini mwaka jana uliniambia kwa kinywa chako kwamba huko wanakusikiliza ukiwataja Wagiriki, na ukiwataja wengine wanakuomba uwaimbie, kana kwamba ni ngoma tu. Nilikuonea huruma. Kumbe ulikwisha kuamua kwenda na upepo, na hukuona haja hata ya kunidokeza.

Wakanipa kufundisha uandishi wa barua za ofisini. Nikawa nawaonyesha watu wazima mahali pa kuweka tarehe. Siku moja binti wa darasa langu la zamani alinisimamisha koridoni.

"Mwalimu, wale wa Baghdad walikosea nini?"

"Hawakukosea kitu. Walikosa mtetezi."

"Lakini wewe si ulikuwepo?"

Niliingia ofisini nikafunga mlango, nikalia kama mfiwa. Kesho yake nikamwambia Ufupisho atafute mwingine wa kufundisha tarehe. Muhula ukiisha, naondoka.

Mama hajui lolote. Majirani wakija bado anawaonyesha picha yako ya joho, na mimi hunyamaza, maana furaha hiyo si yangu kuivunja. Ila siku atakaponiuliza kwa nini nimeacha kazi, sitadanganya wala sitaeleza. Nitakupigia simu, nimkabidhi.

Shangazi mshonaji anakusalimu, na mjomba kinyozi anauliza nani anakunyoa huko. Nisalimie wifi yangu, umbusu na binti yenu.

Mungu akulinde kifua, na akurudishie sauti yako mwenyewe.

Ni mimi dada yako, ambaye bado nakupenda, na ndiyo maana inauma.