Bibi Lifti

Jumatatu, 3 Juni
Nimepata cheo uzeeni. Watoto wa darasa la nne wamenibatiza Bibi Lifti! Nilikuwa nimembeba mjukuu wangu mgongoni tukipanda ghorofani, wao wamejibana ukutani kutupisha. Bosi (ndivyo tunavyomwita nyumbani, kwa amri zake) akaninong'oneza sikioni: "Usicheke, Bibi, utaishiwa nguvu."

Miguu yake haijamtii tangu kuzaliwa. Sakafuni anakwenda na kigari chake cha kutembelea, na ananiacha nyuma. Ngazi tu ndizo zinazomshinda, na dawa ya ngazi ninayo: mbeleko.

Chupa yake ya maji imerudi imejaa tena. Madeko! Kesho nitamkamulia ndimu.

Jumanne, 4 Juni
Ya ndimu nayo imerudi vilevile.

Mwanangu ananiambia mgongo wangu si wa chuma. Nikamkumbusha: siku tuliyokimbia kwetu niliacha rafu nzima ya vitabu, na kamusi ya marehemu baba yake juu yake, nikamchukua yeye na mbeleko hii hii. Akasema wakati ule alikuwa kichanga. Huyu ana miaka tisa na anakula kama wapagazi wawili! Tulicheka mpaka machozi. Kiuno nilijikanda baadaye, kimyakimya.

Alhamisi, 6 Juni
Siku mbaya.

Mwalimu wa elimu maalumu ameniketisha kwenye benchi chini ya ngazi. Ni yule binti anayezunguka shule kadhaa kwa wiki. Bosi anamwita Mwalimu Raba kwa sababu ya viatu vyake. Ofisi ya elimu imekataa ombi lake la kuhamishia darasa la nne chini. Kwa nini? Shule imesema mtoto anafika darasani kila siku bila shida.

Nikauliza, kwani hafiki?

"Anafika, Bibi. Kwa mgongo wako. Ukishaondoka, anashukaje?"

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. Wakati wa mapumziko wenzake wanateremka uwanjani, Bosi anabaki dirishani. Vyoo viko chini. Kwa hiyo hanywi maji mpaka nimfuate mchana.

Ile chupa!

Vitabu vyote vile nilivyosoma, na chupa moja imenishinda kuisoma.

Jumapili, 9 Juni
Afisa wa elimu atakuja Jumatano kujionea. Ama darasa lishuke, ama — hili ni pendekezo la mwalimu mkuu — mtoto apelekwe shule maalumu ya bweni, mbali, awe anarudi likizo tu. Chumba kinachotosha kule chini ni kimoja, ofisi ya walimu. Mwalimu mkuu anasema walimu wake wanaumwa magoti. Mwalimu Raba akamjibu kwamba basi yapande, yafanye mazoezi.

Mimi Mwalimu Raba amenipa sharti moja: Jumatano nisimbebe.

Leo nimemwomba radhi Bosi kwa habari ya chupa. Alikuwa anachora, hata hakuinua kichwa. "Hukujua, Bibi. Na mimi sikutaka ujue. Ungekaa pale kutwa nzima."

Kweli. Ningekaa.

Halafu akauliza: na mwalimu mkuu, nani atamwambia kwamba lifti imeharibika? Nikamwambia, bosi ni nani hapa?

Bweni. Neno hilo sitaki hata kuliandika. Nimekwisha kuacha vya kutosha maishani mwangu.

Jumatano, 12 Juni
Naandika hapa hapa kwenye benchi ili mikono iwe na kazi. Mbeleko nimeikalia.

Afisa amefika: mama mfupi, begi kubwa, anatweta. Kengele imelia, watoto wanapanda. Mmoja kanichungulia: "Bibi Lifti, leo umefungwa?" Nimemwambia niko matengenezoni.

Sasa wamekwisha kupanda wote. Bosi yuko mbele ya ngazi na kigari chake, peke yake. Mwalimu Raba amejiuma mdomo. Mwalimu mkuu amefumbata mikono kifuani, tai imenyooka.

Mtoto ananitazama. Mimi natazama karatasi. Mgongo wangu wote unamwita.

Tuna ishara yetu: yeye hunyoosha mikono juu, mimi huinama.

Amenyoosha! Nimeinuka — hapana. Nimeketi tena. Si kwangu. Ameegemea ukuta, amemgeukia mwalimu mkuu.

"Lifti imeharibika, Mwalimu. Nibebe wewe. Halafu mapumziko uje unishushe, leo nataka kunywa maji."

Afisa ametoa kalamu. Mwalimu mkuu anazitazama ngazi. Anayatazama magoti yake. Mikono ya Bosi bado iko juu.