Nilimvua Mama Bangili kwa Ajili ya Mngurumo

Dada Josepha, shikamoo.

Naomba unisaidie, maana nimemkosea mama yangu mzazi na kila nikitaka kumwambia neno naishia kuomba chumvi. Mimi naitwa Jeet, nina miaka ishirini na sita, tunakaa ghorofani huku Kariakoo upande wa Mnazi Mmoja, baba yangu Manubhai ana duka la vitambaa hapo chini, na tangu kompyuta zianze kuingia nchini kwa wingi nilikuwa natamani ya kwangu, mwaka jana nikaipata, nikaiweka sebuleni nikaiunganisha na maikrofoni na amplifaya ya zamani ya baba, ambayo inavuta umeme kwa waya mrefu kutoka chumbani. Dada yangu Dipti ameolewa Uingereza na anakaribia kujifungua, akaomba nimrekodie mama akiimba zile nyimbo za kubembelezea watoto alizotuimbia sisi kwa Kigujarati, nami nikakubali kwa mbwembwe.

Basi kila nikirekodi, chini ya sauti ya mama kuna mngurumo, uuuuum, kama mashine ya kusaga iko mtaa wa pili. Nikazima friji, nikazima feni, nikafunga madirisha, mama anaimba jasho linamtoka, namwambia "rudia", anarudia, mara ya kumi na mbili nikamfokea, "Mama, hizo bangili zako ndizo zinaharibu, zivue!" Akaniangalia, akasema polepole, "Jeet, mwanamke mwenye mume hakai mikono mitupu." Nikamjibu, "Dakika tatu tu, mama, acha mambo ya kizamani." Akazivua, akaimba, na mngurumo ukabaki vilevile. Hapo baba akapanda kula chakula cha mchana, akaona mikono ya mama, akauliza, "Madhu, kwani mimi nimekufa?" Mama akalia. Baba akarudi dukani bila kula.

Ni mwezi sasa. Mama amezivaa tena, ananipakulia chakula, nikimsalimu anaitikia, lakini haimbi, hata akisukuma chapati haimbi, na mimi sikumbuki jikoni kwetu kuwa kimya namna hii. Nifanye nini mngurumo uishe, na mama nimwambie nini?

Jeet, Kariakoo

Jeet, marahaba.

Nimekuonea huruma, na umeniudhi vilevile. Bangili hugongana, haziungurumi. Aliyekumbuka kuzima friji alikuwa na akili ya kulijua hilo. Ulichoka, ukatafuta wa kumlaumu, na aliyekuwa karibu yako ni mama.

Tuanze na lililo jepesi. Nimemsomea barua yako fundi Tarsis, anayetengeneza redio pale mtaa wa Gerezani. Hakunisubiri nimalize. "Sebuleni na chumbani? Ugonjwa ndio huo. Kila kifaa kina waya wake wa ardhini, umeme unazunguka kupitia waya wa sauti. Achomeke vyote soketi moja. Waya wa maikrofoni usilale juu ya waya wa umeme. Na asithubutu kuukata ule mguu wa tatu wa plagi, ndio wa ardhini, unaomkinga asipigwe na umeme. Kelele itaisha, na yeye anaweza kuisha." Fanya hivyo, ujaribu kurekodi kwa sauti yako mwenyewe. Mama usimguse.

Sasa zito. Umekaa mwezi mzima unatafuta dawa ya mngurumo huku hujatamka neno "nimekosa". Nenda jikoni leo, mwambie mama mbele ya baba kwamba kosa lilikuwa la nyaya zako na la mdomo wako. Usimweleze mambo ya soketi, hayamhusu. Baba naye umwombe radhi, maana alirudi dukani na njaa kwa ajili yako. Maikrofoni iache kabatini.

Huenda mama asiimbe tena kwa ajili yako, Jeet. Ikiwa hivyo, usimbembeleze wala usimtume mtu. Mwandikie Dipti, kwa mkono wako, umweleze ni kwa nini mwanawe atazaliwa na wimbo haujafika.