Bao Lililokataliwa

Jumamosi, 14 Oktoba
Fainali. Nilikaa nyuma ya goli, magoti yamelowa. Sare, dakika za mwisho — mshambuliaji wetu Kiberiti akafunga! Uwanja ukalipuka. Wapigapicha wenzangu wakageukia jukwaani. Mimi nilibaki na uso wake. Mtu kafunga bao la kombe, mbona hacheki? Akajichomoa kwa wenzake, akamwendea refa, akagusa mkono wake mwenyewe chini ya kiwiko, akasema neno. Refa akamkodolea macho. Kisha akalikataa bao.
Timu yake ikafungwa kwa penalti. Chupa zikaanza kuruka. Mhariri alikuwa anapiga kelele kwenye simu anataka fujo, nikamtumia fujo. Ile picha ya nyuso mbili, Kiberiti akimwonyesha refa mkono, nimebaki nayo. Sijawahi kupiga picha kama hii maishani mwangu.

Jumapili, 15 Oktoba
Mji mzima: refa kala rushwa. Kinyozi anaapa aliiona bahasha kwa macho yake. Hata mama, ambaye mpira haujui: yule baba kauza mechi! 
Nikampigia Kiberiti. Alijua nataka nini kabla sijamaliza salamu.
“Dada, ile picha usiitoe. Wachezaji wenzangu wataninyonga. Mke wangu mjamzito.”
“Na refa je?”
Akakata simu.

Jumatatu, 16 Oktoba
Mhariri kanituma nyumbani kwa refa. Anataka sura ya mtu aliyeaibika. Maneno yake hayo.
Mke wa refa alikuwa anafagia vioo vya dirisha lililovunjwa kwa mawe. Hakuniinulia macho. Umekuja kumpiga picha mwizi? Pita, yumo.
Refa alikuwa sebuleni, jicho limevimba, bado kavaa viatu, kama mtu anayesubiri kukimbia.
“Wewe ulikuwa nyuma ya goli,” akasema. “Uliona.”
“Niliona, mzee. Kwa nini husemi?”
“Yule kijana alinijia kwa hiari yake. Mimi mpira sikuuona ukigusa mkono, wala wasaidizi wangu. Nikimtaja leo, nani atakuja kuniambia ukweli tena?”
Kamera haikutoka mkobani. Mhariri kaniuliza kama nimeanza uganga wa huruma. 

Jumatano, 18 Oktoba
Mawe tena. Safari hii jiwe limempata binti wa refa, akiwa anaanua nguo. Kashonwa kichwani.
Nimeshika simu, picha iko tayari, kidole juu ya kitufe. Siwezi. Nikiitoa, mawe yatahama nyumba tu. Nisipoitoa, je? Nikae nayo niitazame, nijisifu?
Nimemwandikia Kiberiti habari za yule msichana. Kasoma. 

Alhamisi, 19 Oktoba
Asubuhi kaja mwenyewe mlangoni! Mama karibu aangushe sufuria. Kiberiti hakukaa.
“Dada, jana nimemwambia mke wangu. Alilia, halafu akaniuliza nangoja nini. Leo mazoezini mashabiki watakuwepo. Nataka wasikie kwangu, si gazetini. Uje na kamera.”
“Wakikupiga?”
“Basi upige na hiyo.”
Akajaribu kucheka. Midomo imekauka.

Sasa niko nje ya uwanja wa mazoezi. Naandika nikiwa nimeegemea ukuta. Getini watu wamefurika, wanaliimba jina lake. Refa naye kaja! Nani kamwita? Kajisimamia ng'ambo ya barabara, kofia imefunika jicho. Hawajamtambua bado.

Gari limefika. Mkewe yuko kwenye usukani, hajazima injini. Kiberiti kashuka. Wanamgombea, wanamnyanyua juu juu — shujaa wetu, tulidhulumiwa! Anawaomba wamshushe. Hawasikii. Anapiga kelele kwamba mpira aliugusa kwa mkono, na refa alimwambia yeye mwenyewe. Wa mbele wameanza kunyamaza, wa nyuma bado wanaimba. Kamwona refa. Anamwonyesha kwa kidole — hapana, anamwita! Mzee, njoo usimame na mimi.
Vichwa vyote vimegeuka.
Refa anavuka barabara. Kalamu chini, kamera juu, niko —