Figo za Mama, Hospitali Mbili

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai wewe na shemeji ni wazima, na kile kikohozi chake kimemwachia. Huku tunapumua, nikisema hatujambo kabisa nitakuwa nakudanganya. Nimeona nikuandikie, maana kwa simu ungenikatiza kwa kilio kabla sijafika mwisho.

Unaijua kazi yangu ya kuunganisha kompyuta za hospitali za hapa mjini, ili mgonjwa akienda popote, daktari ajue ametibiwa nini kwingine. Tumebishana vikaoni hadi koo zikakauka. Wengine walitaka taarifa zote ziwekwe mahali pamoja. Wengine, kila hospitali ibaki na zake, ila mgonjwa awe na namba moja na hospitali ziulizane. Mkurugenzi wa huku hamwamini wa kule. Wapiganapo tembo nyasi huumia, dada, nami sikujua nyasi zenyewe ni mama.

Presha alikuwa akitibiwa hospitali kuu, magoti kwa daktari wa mifupa upande wa pili wa mji. Kila mmoja alimwandikia dawa zake, asijue za mwenzake. Za maumivu zikakutana na za presha, zikamla figo kimyakimya. Miguu ilipovimba tukasema ni uzee. Daktari wa figo alipomuuliza mbona hakuwaambia madaktari hao wawili, mama alijibu kwamba alidhani wanajua, kwa kuwa mwanawe ndiye anayewaunganisha.

Heri angenitukana.

Sasa mfumo umekubali. Juzi daktari wa mifupa alifungua jina la mama akaona yote, presha, dawa, hata figo zilizokwisha kufa. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilitoka nje.

Lililonishikisha kalamu hasa ni hili: nimepimwa, na figo yangu inamfaa. Upasuaji ni wiki ijayo. Mama alikataa katakata, akasema, "Nilikuzaa mzima, leo unanirudishia vipande?" Tukacheka sana, kisha akanishika mkono, akalia, akakubali.

Usije kunizuia. Njoo tu uwepo, maana tutalazwa vyumba tofauti, na atakayezinduka kwanza atataka mtu wa kumuuliza habari za mwenzake.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu wote. Mtukumbuke katika dua.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba